Jino la Mbele na Nusu Saa ya Kwanza: Hotuba kwa Wazazi Kabla ya Likizo ya Desemba

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwalimu Mkuu pamoja na walimu wote, wajumbe wa kamati ya shule, viongozi wetu wa dini, wazazi na walezi, na ninyi wanafunzi mliokaa mbele hapa kwenye mikeka: Assalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Namshukuru Mwalimu Mkuu kwa kunipa nafasi katika mkutano huu wa kufunga mwaka. Aliponiita aliniomba nizungumze juu ya afya ya kinywa, na najua wengi wenu mmekuja mkitarajia nizungumzie mswaki na pipi. Hayo ni mambo ya maana, na tutayarudia siku nyingine. Leo naomba niwazungumzie jambo ambalo wakati wake umefika, nalo ni ajali za meno, kwa sababu siku chache zijazo shule itafungwa, maembe yameanza kuiva, kaskazi imeanza kuvuma, na watoto wetu watakuwa nje tangu alfajiri hadi adhana ya magharibi. Mimi ninayefanya kazi ya kinywa na meno hapa wilayani Muheza naijua Desemba kwa watu wanaokaa kwenye benchi nje ya chumba changu. Miezi mingine hukaa hapo watu wenye meno yaliyotoboka. Desemba huja mama amebeba mtoto, khanga imekandamizwa mdomoni na imelowa damu, na nyuma yake wapo watoto wengine watatu au wanne, kimya kabisa, kwa sababu mmoja wao ndiye aliyerusha jiwe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1 duniani wamewahi kuumia meno kwa kuanguka, kugongwa au kupigwa, na kwamba kwa watoto wa hadi umri wa miaka 12 kiwango ni takriban asilimia 20. Hesabu hiyo ni ya dunia nzima, haikufanywa katika shule hii, lakini naomba kila mwalimu aliangalie darasa lake la watoto 50 na ajiulize kama watoto 10 ni wachache.

Meno yanayoumia zaidi ni mawili ya mbele, ya juu. Meno hayo ya ukubwani huota mtoto akiwa na umri wa miaka 7 au 8, yaani akiwa darasa la kwanza au la pili, na huchukua takriban miaka miwili au mitatu zaidi kabla mizizi yake haijakomaa ndani ya mfupa. Angalieni jinsi umri huo unavyokutana na mambo mengine. Ni umri ule ule ambao mtoto anaruhusiwa kwa mara ya kwanza kwenda shambani bila mtu mzima, anajifunza kupanda mti, na anachukua baiskeli ya baba yake ambayo miguu yake haifiki kwenye pedeli mpaka apitishe mguu katikati ya fremu. Jino jipya, ambalo anatakiwa kuishi nalo hadi uzeeni, linatoka katika miaka ambayo mtoto anaanguka kuliko miaka mingine yote. Na mtoto ambaye meno yake ya juu yamechomoza mbele kiasi kwamba mdomo hauyafuniki yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu akianguka kifudifudi mdomo haupo kupunguza nguvu ya pigo. Mtoto wa namna hiyo asiitwe majina, nyumbani wala shuleni; aletwe tumwangalie mapema, kwa kuwa mara nyingine meno yake yanaweza kurudishwa nyuma kabla hayajapata ajali.

Nianze na maembe, kwa sababu ndiyo yanayoniletea watoto wengi. Sote hapa tulikua tukipopoa maembe, na sitasimama mbele ya wazee wangu kudai kwamba mimi sikufanya hivyo. Lakini tuangalie kinachotokea chini ya mwembe. Mtoto mmoja anarusha jiwe au kipande cha mti. Wenzake sita wamesimama chini ya matawi, nyuso zimeelekea juu, midomo imefunguka, kila mmoja akingojea embe lianguke alidake kabla ya mwenzake. Jiwe likigonga tawi halirudi pale lilipotoka. Linaruka upande wowote na kushuka kwa nguvu juu ya nyuso hizo zilizoinuliwa. Nimewahi kuona jiwe moja likivunja meno mawili ya mtoto na kumpasua mdomo wa juu hadi karibu na pua, na aliyelirusha alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Manati ni hatari zaidi, kwa kuwa kokoto inayotoka kwenye mpira huo ikilikuta jicho, hilo si jambo ambalo mimi wala daktari wa macho tunaweza kulirudisha lilivyokuwa.

Wazee wetu walikuwa na upembo, na naomba upembo urudi. Chukueni ufito mrefu, mwishoni tengenezeni ndoano, na chini ya ndoano fungeni kifuko cha wavu wa zamani au cha gunia. Embe linavutwa, linaingia kifukoni, linashuka bila kupasuka, na atakayelipeleka sokoni atapata bei nzuri kuliko ya embe lililopondeka. Mwenye upembo awe mmoja, na wengine wote wakae nje ya matawi, pale ambapo embe likidondoka haliwafikii. Kanuni hiyo mtoto wa chekechea anaielewa ukimwonesha kwa kidole: matawi yanaishia hapa, wewe unakaa kule.

Nikiwa bado kwenye mti, kuna jeraha moja ambalo naogopa sana, nalo ni la kuangukia kidevu. Mtoto anateleza kwenye tawi, anafika chini, kidevu kinagonga mzizi au ardhi ngumu. Chini ya kidevu panapasuka, damu inatoka nyingi, watu wanakimbilia kituo cha afya, jeraha linashonwa vizuri, na kila mtu anashukuru Mungu kwamba yameisha. Lakini nguvu ya pigo la kidevu haikai kidevuni. Inapanda kwenye mfupa wa taya hadi kwenye kiungo kilicho mbele ya sikio, na huko mfupa ni mwembamba. Unaweza kuvunjika bila ngozi ya hapo kuwa na mkwaruzo wowote. Usipogundulika kwa mtoto anayekua, taya linaweza kukua upande mmoja kuliko mwingine, au kiungo kikagandana na mtoto akashindwa kufungua kinywa kula. Kwa hiyo mtoto yeyote aliyepasuka kidevu, hata kama ameshonwa, mwambieni afungue kinywa polepole. Je, vidole vyake vitatu vilivyopangwa juu kwa juu vinaingia? Je, kidevu kinakwenda upande mmoja anapofungua? Akifunga, je, meno yanakutana kama zamani, au yeye mwenyewe anasema hayakutani? Jibu moja likiwa baya, mleteni siku hiyo hiyo, na mtueleze kwamba aliangukia kidevu, kwa sababu anayeangalia mshono peke yake anaweza asilifikirie taya.

Sasa nije kwenye mpira. Nimepita jana jioni kwenye kiwanja kile nyuma ya ghala, nikakuta watoto wamepanga magoli kwa mawe, mawili upande huu na mawili upande ule, kila jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto. Golikipa wao, mvulana mdogo mwenye juhudi sana, alikuwa akijirusha kushoto na kulia, na kila alipojirusha uso wake ulipita umbali wa shubiri moja kutoka kwenye jiwe. Nilisimama nikamwomba nahodha wao abadilishe, tukaweka ndala na mafungu ya majani makavu, na mchezo ukaendelea bila kupungua utamu. Hilo ndilo ninalowaomba wazazi wa vitongoji vyote: kabla likizo haijaanza, vijana na akina baba watenge asubuhi moja, waingie viwanjani na jembe na panga, wang'oe visiki, waokote chupa na mabati, wafukie mashimo. Na pale penye magoli ya mbao au ya chuma, hakikisheni nguzo zimechimbiwa, maana goli lisilochimbiwa ambalo watoto wananing'inia juu yake huanguka kwa uso wa yule aliye chini.

Sheria ya 4 ya kandanda inamtaka mchezaji avae kinga za ugoko, lakini haisemi lolote kuhusu kinga ya meno, na ndiyo maana wengi wetu tunaiona kinga ya meno kuwa kitu cha mabondia tu. Ni kweli ilianza ulingoni. Lakini nchini New Zealand, ambako raga ndiyo mchezo wao mkubwa, kinga ya meno ilifanywa kuwa lazima kwa vijana katika mechi mwaka 1997 na kwa wachezaji wa ngazi zote mwaka 1998. Watafiti walipolinganisha madai ya malipo ya matibabu ya meno yaliyotokana na raga, waliona yamepungua kwa asilimia 43 kati ya mwaka 1995 na 2003. Hayo ni meno ya watu halisi yaliyobaki vinywani mwao kwa sababu ya kipande cha plastiki laini. Kwa vijana wetu wanaocheza ndondi, karate, raga au mpira wa kikapu, na kwa wale walioteuliwa kwenda kwenye mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, katika michezo ya kugongana, nasema bila kusita kwamba kinga hiyo inafaa. Ipo inayolainishwa kwa maji ya moto kisha mchezaji akaiuma ikakaa kwa umbo la meno yake, na ipo inayotengenezwa na mtaalamu wa meno kwa kuchukua umbo la kinywa, ambayo hukaa vizuri zaidi na haimsumbui mtu kupumua wala kuzungumza. Mtoto ambaye meno bado yanabadilika ataihitaji nyingine baada ya muda, kwa kuwa ya zamani itambana. Ioshwe kwa maji ya baridi, ihifadhiwe kwenye kikopo chenye matundu, na asiazimwe mtu mwingine.

Najua kwamba kwa familia nyingi zilizopo hapa kinga hiyo si kitu cha kununuliwa wiki hii, wakati karo, sare na madaftari ya Januari vinasubiri. Sitaki mzazi yeyote aondoke hapa akihisi ameshindwa kumlinda mwanawe. Kiwanja kilichosafishwa na mawe yaliyoondolewa golini havihitaji fedha. Ndugu zetu wa Makunduchi, kule Unguja, katika Mwaka Kogwa wao wa kila Julai wanapigana hadharani, wanaume kwa wanaume, lakini silaha zao ni mabua ya migomba. Mchezo una kelele na jasho na ushindani, lakini kinachopiga ni kitu laini. Nimekuwa nikiufikiria mfano huo kila ninapoona watoto wakicheza vita kwa fito za mikarafuu na vipande vya mbao.

Baiskeli na pikipiki nitazisemea kwa ufupi. Baiskeli ya mkubwa asipewe mtoto ambaye hawezi kuweka miguu chini akiwa juu ya kiti, na breki zijaribiwe kabla ya kushuka mlima, maana hapa kwetu barabara za kuelekea Amani zina miteremko mirefu yenye kokoto, na anayerushwa juu ya usukani hufika kwa meno. Kuhusu bodaboda, wakati wa sikukuu tunaona dereva amepakia mshikaki, watoto wawili katikati na mama nyuma, na yule mdogo kabisa amekaa mbele juu ya tangi, uso wake ukiwa umeelekea kwenye mita na vioo. Pikipiki ikifunga breki ghafla, huyo ndiye atakayepokea chuma kwa uso. Na ndugu zangu madereva mliopo hapa, kofia ngumu inayofunika utosi peke yake ni afadhali kuliko kutovaa, lakini ile inayofunika hadi kidevu ndiyo inayolinda taya na meno.

Kwa wanaokwenda kuoga mto Zigi au baharini Tanga na Pangani, naomba mtoto asijirushe kichwa mbele mahali ambapo hajaingia kwanza kwa miguu na kujua kina chake. Na kwa sisi watu wazima, kwenye sherehe za Krismasi na harusi za msimu huu, tuache kufungua soda kwa meno mbele ya watoto, kwa sababu wao hujaribu kesho yake.

Kuna uso mwingine ambao nataka tuukumbuke, nao ni uso wa mtoto mwenye ualbino. Jua la Desemba na Januari linamuunguza kila anapotoka, na midomo na masikio ndiyo sehemu zinazosahaulika. Kidonda kisichopona mdomoni mwake kinaweza kuwa mwanzo wa saratani, na hakipaswi kupakwa dawa ya dukani kwa miezi. Kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, shati la mikono mirefu, na michezo ya asubuhi na ya jioni badala ya saa sita mchana, ni mambo ya lazima kwake. Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na mzazi ambaye hajayapata aje anione baada ya mkutano, tutafute pamoja njia ya kuyafikia. Mwalimu wa michezo, mtoto huyo asiachwe peke yake ndani ya darasa wenzake wakicheza. Mpangeni katika mchezo wa saa kumi na moja jioni.

Wazazi wangu, pamoja na yote hayo, watoto wataumia. Ndiyo maana sehemu iliyobaki ya mazungumzo yangu nimeitenga kwa ajili ya nusu saa ya kwanza baada ya ajali, kwa sababu katika nusu saa hiyo mimi sipo. Mpo ninyi, au yupo mtoto wa darasa la sita, au yupo bibi.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi kama huu, nililetewa mvulana wa miaka 9. Jiwe la mwembeni lilikuwa limeling'oa jino lake la mbele, zima, pamoja na mzizi wake wote. Alikuwa ameangaliwa kwanza mahali pengine, akapewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi Jumatatu, kwa hiyo alinifikia siku ya tatu. Nilimuuliza bibi yake jino liko wapi. Bibi akaniambia kwa utulivu, "Mwanangu, nimelitupa paani. Nimelea watoto saba na wajukuu, meno yao yote yamekwenda paani, na yameota mengine." Nilinyamaza kwa muda, kwa kuwa bibi huyo alikuwa amefanya lile lile ambalo bibi yangu alinifanyia mimi, na kwa jino la utotoni hakuna kosa lolote. Lakini hili lilikuwa jino la ukubwani, na baada yake haliji lingine. Mjomba wa mtoto alipanda paani jioni ile, akalipata kati ya majani makavu ya mwembe ule ule, limekauka na kubadilika rangi. Mvulana huyo leo ni kijana, na bado huweka kiganja mdomoni anapocheka.

Hakuna aliyewahi kumwambia bibi yule, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kwa hiyo nawaambia ninyi, na nawaomba mkawaambie mabibi wote.

Jino la ukubwani likitoka zima, bado liko hai. Kwenye mzizi wake kuna utando mwembamba sana, wenye chembe hai, ambao ndio unaolishikiza jino kwenye mfupa. Utando huo ukikauka unakufa; katika nusu saa ya kwanza nje ya kinywa unaanza kudhoofika, na jino likikaa kavu zaidi ya dakika 60 sehemu kubwa ya chembe hizo huwa zimekwisha. Basi kwanza mtulizeni mtoto, kisha litafuteni jino. Likipatikana, lishikwe kwa sehemu nyeupe ya juu, ile inayoonekana mtu akicheka. Mzizi usiguswe, usisuguliwe kwa nguo, usikwanguliwe, usipakwe majivu, chumvi wala spiriti. Likiwa na mchanga, lisuuzwe kidogo kwa maziwa au maji safi ya baridi, kwa sekunde chache tu, halafu lirudishwe pale pale kwenye tundu lake, upande wa mbele ukiwa mbele, kwa kusukuma taratibu. Mtoto aume kitambaa safi kulishikilia, na safari ya kwenda kwa mtaalamu wa meno ianze.

Najua wengi mtaogopa kulirudisha kwa mkono wenu. Nawaelewa, damu inatoka na mtoto analia. Kama mmeshindwa, chukueni kikombe cha maziwa baridi, mlitumbukize humo, mje nalo. Maziwa hayana uchachu unaoziumiza chembe zile na yanazitunza vizuri kuliko maji. Kwa hiyo ninaposema maziwa sisemi mtindi. Hapa kwetu naulizwa sana kuhusu madafu, kwa sababu mnazi uko karibu kuliko ng'ombe. Maji ya dafu yana uchachu kidogo, kwa hiyo mimi siyaweki mbele ya maziwa. Maziwa yasipopatikana, mtoto ateme mate kwenye kikombe na jino liwekwe humo. Maji ya kawaida ni chaguo la mwisho, lakini hata hayo ni bora kuliko kulifunga jino kwenye karatasi au kuliweka mfukoni. Na kama saa zimeshapita, msilitupe. Leteni jino hilo hilo, kwa sababu kwa mtoto anayekua hata jino ambalo halitadumu miaka mingi linaweza kuulinda mfupa usinywee mpaka akomae.

Jino la utotoni ni habari nyingine kabisa. Hilo lisirudishwe, kwa kuwa juu yake, ndani ya fizi, kuna jino la ukubwani linalojitengeneza, na kulisukuma la zamani kunaweza kuliharibu hilo changa. Mama anitazame hapa kama hana hakika: meno ya utotoni ni madogo na meupe kama maziwa, na mtoto wa chini ya miaka 6 aliyepoteza jino la mbele karibu kila mara ni la utotoni. Mleteni tu tumwangalie, na hilo linaweza kwenda paani.

Jino likimeguka, tafuteni kipande, kiwekwe kwenye maziwa au maji, maana mara nyingi tunaweza kukigandisha mahali pake. Likiwa limelegea au limezama ndani ya fizi, msilivute. Kama jino halionekani popote na mtoto anakohoa au anapumua kwa shida, huenda limeingia kwenye njia ya hewa, na hapo ni hospitali mara moja. Vivyo hivyo mtoto aliyepoteza fahamu, anayetapika, anayesinzia isivyo kawaida, au anayetokwa na maji puani au masikioni baada ya pigo: sahauni habari za jino kwanza, mkimbizeni hospitali, na jino libaki kwenye maziwa. Kila jeraha lililoingia udongo liulizwe pia habari ya chanjo ya pepopunda.

Miaka mitano iliyopita mwalimu mmoja wa netiboli alimfikisha kwangu msichana wa miaka 12, kikombe cha plastiki mkononi, jino ndani ya maziwa, na tangu aanguke zilikuwa zimepita dakika 40. Nilimpiga ganzi, nikalirudisha jino, nikalifunga na meno ya jirani kwa waya mwembamba kwa muda wa wiki mbili, akala uji na vyakula laini, na kabla wiki hizo hazijaisha nikaanza kumtibu mzizi. Ameendelea kuja kuangaliwa. Yuko sekondari sasa, na jino lile lile liko kinywani mwake. Sikufanya kitu kikubwa kuliko alichofanya mwalimu yule aliyekwenda kugonga mlango wa jirani kuomba maziwa.

Mwalimu Mkuu, nimeleta kisanduku kidogo kwa ajili ya shule. Ndani mna glovu, kitambaa safi cha pamba, kikombe chenye kifuniko, na karatasi yenye namba ya simu ya kliniki. Maziwa sikuyaweka kwa kuwa yataharibika. Naomba ofisi iandike kwenye karatasi hiyo nyumba tatu zilizo karibu na uwanja ambazo hukosi maziwa. Wakati wa likizo ofisi ikifungwa, kisanduku kikae kwa mlinzi, na watoto wote wajue kiko kwake.

Nimekuja pia na sanamu ya taya iliyotengenezwa kwa plasta, na jino moja lake la mbele linatoka na kurudi. Naomba watoto wanne wa darasa la tano waje hapa mbele, na mabibi waliokaa upande ule wasogee karibu waone vizuri. Mwanangu, anza wewe. Liokote hapo chini. Shika hapa, kwenye sehemu ya kukatia, mzizi usiuguse.